Goma inatupa udongo wake kila asubuhi



Tuanze na kitu kitachekesha wengine. Mwalimu wetu wa kwanza wa udongo hakuwa agronomu. Alikuwa mlimaji wa bangi wa huko Marekani, ndani ya video, na mega za intaneti tulikuwa tumekopeshana. Tulikuwa tunatafuta namna ya kuotesha lengalenga ndani ya gunia, juu ya lava, bila kununua mbolea ya dukani. Kila tukitafuta habari ya udongo hai, tunaangukia watu wale wale: wanaolima bangi kwa ruhusa ya sheria ya kwao, ndani ya vyombo, bila kemikali, na wanaeleza kila hatua kwa uvumilivu kupita profesa.

Tuseme mapema ili mtu asitutafutie kesi. Sheria ya Kongo inakataza bangi na hatumwiti mtu kuipanda. Kanada waliruhusu tarehe 17 Oktoba 2018. California wananchi waliipigia kura Novemba 2016. Hayo ni mambo ya kwao. Mmea tumewaachia wenyewe. Sisi tumechukua udongo.

Na pale kwenye udongo njo tulishangaa.

Tuliandika kwenye daftari vitu wanavyonunua ili kuanza. Theluthi moja ni komposti. Theluthi moja ni jiwe jepesi la volkano lenye matundu, ili hewa ipite na maji yasisimame. Theluthi ya tatu ni udongo wa bwawani unaochimbwa Kanada. Halafu wanaongeza unga wa mwamba wa volkano kwa ajili ya madini, makapi ya mwarobaini, majani ya bahari yaliyokaushwa, maganda ya kaa yaliyosagwa, na mavi ya minyoo ya udongo. Vyote viko ndani ya mifuko yenye picha nzuri, na vyote vinalipwa kwa dola.

Tulisoma ile orodha mara mbili. Kisha tukaangalia chini. Tulikuwa tumekaa juu ya makoro.

Fikiri kidogo. Mtu wa Oregon analipa ili aletewe mfuko wa jiwe la volkano. Sisi hapa Goma tunalikanyaga, tunajengea nalo ukuta, tunalimwaga njiani kuziba mashimo, tunalilaani kila mara linapokata viatu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilileta lava mpaka katikati ya mji, na watu zaidi ya laki moja wakakosa makao. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena, ikasimama upande wa Buhene. Ile lava ilichukua nyumba za wazazi wetu. Lakini iliacha pia jiwe lenye potasi na kalsiamu, vitu ambavyo mmea unavitafuta. Hatusemi ni baraka, hapana. Tunasema tu kwamba deni hilo mlima haujatulipa, na tuko na haki ya kulidai.

Bila shaka jiwe peke yake haliotoshi kitu. Lava mpya ni jiwe kavu, ata mbigili zinachukua miaka kabla ya kukubali kuota pale. Kinachokosekana ni ile theluthi ingine: komposti. Na komposti ya Goma iko wapi? Iko ku soko, saa kumi na mbili asubuhi, ndani ya rundo linalonuka.

Tulichokiona ku soko

Kwa siku kadhaa tulienda kwenye soko moja la mji wetu wakati mama wanashusha mizigo. Majani ya mashu yanavuliwa na kutupwa. Mabua ya migomba yaliyofunika mizigo yanatupwa. Maganda ya mahindi, maganda ya maharagi, nyanya zilizopondeka njiani, majani ya puaro, makapi ya sombe. Sehemu kubwa ya rundo lile ilikuwa chakula cha udongo. Tulimuuliza mama mmoja:

— Mama, hii yote inaendaka wapi?

— Inabakiaka tu hapa, mwanangu. Siku kamio inakuya, inabeba. Siku haikuye, mvua inabeba.

— Na taksi ya soko unalipaka?

Alicheka. — Ile haikosakake. Kila siku ya Mungu.

Mvua inabeba. Inabeba mpaka kwenye mifereji, na mifereji inabeba mpaka ziwani. Na ndani ya majani kuna sasheti, na sasheti haziozi. Wandugu wa Bukavu wanajua mwisho wa safari hiyo: plastiki zinafuata maji mpaka Ruzizi, zinaziba mitambo ya bwawa la umeme, na mji unabaki gizani. Umeme wetu, ziwa letu, lengalenga yetu: vyote vinaharibiwa na lile rundo moja.

Nchi hii iko na amri namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sasheti za plastiki. Nenda ununue chumvi leo, uone watakufungia ndani ya nini.

Udongo hai ni kitu gani

Usiogope hilo jina. Ni udongo ambao ndani yake kuna wafanyakazi: bakteria, kuvu, wadudu wadogo, minyoo. Wewe haulishi mmea. Unalisha hao wafanyakazi na wao njo wanalisha mmea. Wanakula majani yaliyooza, wanayavunja, azoti na madini yanakuwa katika namna ambayo mizizi inaweza kunywa. Wanatafuna ata jiwe, polepole. Makoro hayatakupa potasi yote msimu huu, usidanganyike. Yatakupa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, kama udongo unabaki hai.

Njo maana wale walimaji hawamwagi udongo baada ya kuvuna. Wanautumia tena na tena, wanaongeza tu komposti juu. Udongo wa mwaka wa tatu unaweza kuwa mzuri kupita wa mwaka wa kwanza. Mfuko wa mbolea ya dukani, ukiisha umeisha, rudi dukani na feza.

Mtu asiseme hii ni elimu ya wazungu. Mwingereza Albert Howard, ambaye wengi wanamwita baba wa kilimo hai, aliijifunza India kwa kuangalia wakulima wa kijiji, akatoa kitabu chake mwaka 1940. Nyumbani kwetu Masisi, Lubero ao Kalehe, nani hakuona nyanya yake akitupa maganda, majivu na mavi ya mbuzi chini ya mgomba, karibu na nyumba? Na ule mgomba wa karibu na nyumba njo ulikuwa na ndizi kubwa. Nyanya alijua. Sisi tulienda chuo kikuu, tukarudi na diplome, tukaanza kutafuta kwenye simu kitu kilichokuwa nyuma ya jiko lake.

Tulivyokosea, na namna ya kuanza

Rundo letu la kwanza lilikuwa aibu. Tulijaza maganda mabichi tu, tukafunika na shitingi, tukasubiri. Wiki ya pili jirani alikuja na mtu wa nyumba kumi. Nzi, harufu, maji meusi yanatoka chini. Tuliomba msamaha, tukaanza upya. Kosa lilikuwa rahisi: bichi bila kavu, na hewa hakuna. Haya hapa tuliyojifunza.

Kwanza, chambua. Sasheti zote, vioo, chupa, nyuzi za magunia, toa. Betri na mabaki ya dawa, usiguse kwa mkono mtupu na usiache ata moja. Risasi ya betri ikiingia kwenye udongo haitoki, na mboga inaweza kuinywa.

Pili, changanya. Kwa kila ndoo moja ya vitu vibichi, weka ndoo mbili ao tatu za vitu vikavu: majani makavu ya migomba, mabua ya mahindi, unga wa mbao usiokuwa na rangi ao dawa, karatoni iliyopasuliwa. Katakata vipande vidogo. Ukiwa na mavi ya sungura, dende ao kuku, panga kati ya tabaka. Rundo liwe karibu mita 1 kila upande. Likiwa dogo halipati moto.

Tatu, maji na hewa. Kamata konzi moja, kamua. Matone mawili matatu yakitoka, ni sawa. Yakitiririka, ongeza kavu. Lisipotoka tone, nyunyiza. Baada ya siku chache weka mkono katikati: liko moto. Likiwaka vizuri linafika digrii 55 mpaka 65, na huo moto njo unaua vijidudu vya magonjwa na mbegu za majani mabaya. Geuza kila wiki, ya nje iingie ndani, ili kila sehemu ipite ndani ya moto.

Nne, vumilia. Miezi miwili mpaka mitatu. Imeiva ikiwa imekuwa nyeusi, baridi, na inanuka sawa vile msitu baada ya mvua. Ikinuka sawa vile choo, haijaiva ao hewa imekosekana.

Tano, gunia. Sehemu moja komposti, sehemu moja makoro madogo sawa maharagi, sehemu moja udongo mweusi ao majani ya msituni yaliyooza. Ule udongo wa bwawani wa Kanada hatuutafuti, na tusiende kuchimba wa kwetu wa Cuvette Centrale: ule umeshika kaboni nyingi kupita kiasi, uachwe ulale. Ukichukua gunia la kilo 50, weka katikati mkopo usiokuwa na chini, jaza makoro makubwa ndani yake, zungushia udongo, vuta mkopo juu, rudia mpaka gunia lijae. Ile nguzo ya mawe njo njia ya maji. Acha wiki mbili, ukinyunyiza kidogo. Kisha panda juu, na toboa matundu pembeni upande huko pia.

Sita, funika. Udongo hai haupendi jua. Tandaza majani makavu juu. Kwa mji ambao mtu anatembea na bidoni ya lita 20 kichwani kutafuta maji, hii si mapambo. Maji yanakaa siku nyingi zaidi ndani ya gunia lililofunikwa.

Anza na lengalenga. Wiki tatu ao nne baada ya kupanda mbegu unaanza kukata. Usingoe. Kata juu, acha mizizi ndani, iwe chakula cha wale wafanyakazi. Ongeza konzi mbili za komposti, panda tena.

Maonyo mawili. Majivu ya makala, kidogo tu. Yakizidi, udongo unakuwa mkali na mmea unashindwa kula. Na mavi ya mtu, hapana kabisa. Mji huu unajua kipindupindu tangu 1994 na kabla yake, tusicheze. Ata mboga ya komposti nzuri, osha kwa maji safi.

"Mumeacha siasa, mumekuwa walimaji?"

Swali hilo tumeulizwa na wenzetu, na ni swali la haki. Kuna anayeogopa kwamba kijana akishika gunia, Leta itasema: mnaona, wanajisaidia, tupumzike. Sisi wenyewe tuliogopa hivyo, tukabishana usiku kucha. Salongo tunaijua. Tangu wakati wa Mobutu mwananchi anafagia, na wenye kupaswa kufagia wanapiga picha.

Pia tusijidanganye kuhusu ukubwa wa jambo. Gunia la lengalenga halilishi mji. Barabara ya Rutshuru ilikatika mwisho wa 2022. Februari 2024 vita ikafika Sake, na njia za Masisi na Minova zikabanwa. Bei ya maharagi na birayi ilipanda, na mama aliyekimbia akakaa chini ya shitingi upande wa Mugunga hakuhitaji somo la komposti. Alihitaji amani ili arudi kwenye shamba lake, lenye udongo mzuri kupita wote. Shamba hilo liko pale. Hakuna gunia litakalochukua nafasi yake, na hatutaacha kudai amani kwa sababu tumepanda mboga.

Lakini tazama kilichotufikia tulipojaribu kukuza hili jambo kidogo. Tuliandika barua kwenye ofisi moja kuomba kona moja tupu ya soko, ya kuchambulia takataka. Hatukuomba feza. Tulitumwa dirisha la pili. Dirisha la pili likatutuma la kwanza. Mara ya nne mtu mmoja akatuuliza tumebeba nini ya fanta. Tukasema tumebeba takataka zenu. Hakucheka, na mpaka leo barua haijajibiwa.

Siasa iko pale, wandugu. Ukitaka kujua serikali yako, usiisome kwenye hotuba. Jaribu kuomba mita kumi za ardhi ili usafishe soko lake. Gunia limetufundisha zaidi ya mikutano mingi: tumejua nani anakusanya taksi, nani anapaswa kuleta kamio, na kwamba hakuna karatasi yoyote ukutani inayoonyesha mama wa soko kile feza yake imefanya. Sasa tunajua swali la kuuliza. Kabla hatukulijua.

Tunachodai

Katiba ya nchi yetu, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya na ya usalama wa chakula. Kifungu cha 53 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Mkoa wetu uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, lakini katiba haikuvaa uniforme. Kwa hiyo tunadai mambo manne, na yote yanawezekana kabla ya msimu ujao wa mvua:

1. Katika kila soko kubwa la komini za Goma na Karisimbi, sehemu mbili za kutupia: moja ya kuoza, moja ya plastiki na vingine. Mapipa mawili na rangi mbili. Hakuna mfadhili wa kungojea kwa hilo.

2. Kona moja ya ardhi kwa kila soko, kwa vijana wa kartye wanaotaka kufanya komposti, kwa karatasi iliyosainiwa, ili kesho mkubwa mmoja asijenge duka juu yake.

3. Amri ya 2017 ifuatwe kuanzia juu. Msimfukuze mama mwenye sasheti kumi za karanga. Anzeni na anayeingiza makontena na mipaka.

4. Taksi ya soko itangazwe. Kila mwezi, ukutani, kwa Kiswahili: tumekusanya kiasi hiki, kamio imekuja mara hizi.

Na kwako, kijana unayesoma hii ukiwa umekaa nyumbani na diplome ndani ya sanduku sawa sisi: hatukuahidi kazi. Mtu akikuambia utatajirika na gunia, anakuuzia kitu. Utakachopata ni mboga ya nyumbani, pengine kidogo ya kuuzia jirani, na jambo moja ambalo kukaa bila kazi kunaliiba polepole: kuona kitu kikikua juu wewe ulikitunza. Kwa wengine wetu hilo limekuwa kubwa kupita tulivyofikiri. Yule jirani aliyetuletea mtu wa nyumba kumi, sasa anatuletea maganda yake mwenyewe, yamechambuliwa.

Jumamosi hii, kabla ya salongo, chukua magunia mawili. Pita ku soko, omba mama majani yake ya mashu, omba kwa heshima, na umsaidie kufagia mbele ya meza yake. Ndani ya gunia la kwanza weka vinavyooza. Ndani ya la pili weka plastiki. La kwanza peleka nyumbani. La pili tukutane nalo saa nne mbele ya ofisi ya komini yako, tuliweke pale kwa utaratibu, bila fujo, na barua yetu juu yake.

Takataka zao tunawarudishia. Udongo wetu tunabaki nao.

Goma ni yetu, na juu ya makoro pia panaota.